Taa Zilizofika Wakati wa Mbalamwezi

Kibirizi, Kigoma
6 Oktoba 2024

Mume wangu Elikana,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekula na umeoga, maana nasikia maji ya Dodoma ni ya mgawo. Sisi huku hatujambo. Mguu wangu wa kushoto unaendelea na siasa zake: ukipenda unatembea, usipopenda unalala. Dada yako Diana anakusalimu. Mtoto wake ameota meno mawili na ameniuma kwa yote mawili.

Utashangaa kwa nini bibi yako anaandika badala ya kupiga simu. Unayajua masikio yangu. Nikiongea na simu lazima niweke sauti ya nje, na nyumba hii kuta zake ni mabati. Juzi nilimweleza daktari habari za tumbo langu, na asubuhi yake wauza dagaa wote walikuja kunipa pole. Jambo ninalotaka kukuuliza si la kusikiwa na soko.

Tena si langu. Ni la Gervasi, yule jirani mwenye mashua tatu, aliyeshindana na marehemu babu yako kwa kila kitu, hata kukohoa kanisani. Gervasi ameagiza taa za sola za kuvulia dagaa, kwa simu, kutoka kwa muuzaji wa ng'ambo. Picha zilikuwa nzuri sana. Maelezo yalisema zinawaka usiku kucha na haziingii maji. Giza lililopita, zile siku za usiku usio na mwezi, zikapelekwa ziwani, zikazima zote kabla dagaa hawajakusanyika. Sasa maskini anauliza: mtu wa namna hiyo ana haki gani? Wewe uko benki, kwenye dawati la malalamiko ya kadi, utakuwa unajua. Mimi namwulizia tu, kwa huruma.

Usimwambie baba yako. Hakuna sababu yoyote, ni vile mambo ya Gervasi hayamhusu.

Nimekufungia samaki, migebuka wakavu. Nimewahesabu mbele ya kondakta wa basi ili naye ajue kwamba najua.

Mke wako mkubwa,
Veneranda


Dodoma
15 Oktoba 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nimekula na nimeoga. Mpe pole mguu wa kushoto. Mwambie Diana mtoto akianza kuuma namna hiyo ajue amerithi upande wenu.

Samahani kwa kuchelewa. Kondakta alipitiwa na usingizi, barua yako ikaenda mpaka Dar es Salaam na kurudi. Migebuka wamefika pungufu na sijui nimlaumu nani katika safari ndefu hivyo.

Nimesoma habari ya Gervasi mara mbili. Bibi, sikumbuki kama uliwahi kumhurumia Gervasi, hata siku ile mbwa wake alipomng'ata mwenyewe. Lakini moyo wa mtu hubadilika, nami nimefurahi.

Haki anayo. Aliyenunua taa ya usiku kucha anastahili taa ya usiku kucha. Kitu kisipofanana na kilivyotangazwa, mnunuzi anaweza kukikataa na kudai fedha yake. Ugumu ni kwamba muuzaji yuko ng'ambo. Hana duka pale mjini Mwanga ambako Gervasi angeenda kukaa mlangoni hadi wachoke kumwangalia. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni ule mtandao wenyewe wa kuuzia. Pesa yako huwa wanaishikilia wao, na muuzaji hapewi mpaka mteja akubali kuwa mzigo umefika na uko sawa.

Mwulize basi: mzigo ulifika lini? Aliufungua siku gani? Na alibonyeza pale panaposema nimepokea na nimeridhika, au hakubonyeza? Asinifiche, maana hapo ndipo penyewe.

Baba anakusalimu kutoka Tabora. Kila akipiga simu ananiuliza kama unapumzika. Namwambia unapumzika.

Mumeo,
Elikana


Kibirizi
24 Oktoba 2024

Mume wangu,

Salamu zako zimefika. Diana amesema upande wetu hauumi, unatafuna. Mvua zimeanza, na waanikaji wa dagaa wanakimbia na maturubai mchana kutwa.

Nimemwuliza Gervasi. Alibonyeza.

Usicheke. Mtu akikutumia mzigo, unamshukuru kwanza, ndipo unaufungua. Kufungua, kugeuzageuza, kukagua, halafu ndiyo useme asante, huo ni ulafi. Gervasi alilelewa vizuri, sijui na nani. Na yule muuzaji alikuwa akimwandikia kila siku: rafiki mpendwa, mzigo umefika? Rafiki mpendwa, tufurahishe na nyota tano. Mtu anakuita rafiki mpendwa, utamnyima nyota? Akampa zote tano siku hiyohiyo, na akamwombea.

Kuzijaribu? Elikana, mji umekutoa Kigoma kabisa. Mzigo ulifika mbalamwezi inaanza kung'aa. Mashua zote ziko mchangani, vijana wako nyumbani wanashona nyavu. Nani anapeleka taa ya dagaa ziwani chini ya mwezi, ili samaki wamcheke? Ziliwashwa kidogo chumbani, zikawaka vizuri mno, hata Gervasi akamwona buibui ambaye hakuwahi kujua wanaishi pamoja. Zikawekwa chini ya kitanda kungoja giza. Giza lilipokuja, siku za kulalamika kwenye ule mtandao zilikuwa zimekwisha.

Kinachomnyima usingizi si taa peke yake. Mashua bila taa haina vijana. Wataenda kwa mwenye mwanga, na siwalaumu, wana watoto. Vijana wakihama, mashua italala mchangani. Ikilala mchangani, mwanawe mmoja atamwambia aiuze akapumzike, na ameshaanza kumwambia hivyo. Gervasi hataki kupumzika. Ile mashua ndiyo kitu pekee kinachomfanya aamke asubuhi akiwa na la kuuliza.

Nimekuwekea picha ya taa, wameichapa mtaa wa Gungu kwenye duka la Happiness, binti aliyemsaidia kuagiza. Alilipa kwa kadi ile ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye pesa za simu.

Mke wako,
Veneranda


Dodoma
30 Oktoba 2024

Bibi,

Shikamoo. Niko salama.

Nimeitazama picha ya taa za Gervasi. Zimepigwa picha juu ya kitanda. Kitandani pana shuka la maua mekundu, na pembeni mwa shuka pamedariziwa jina VENERANDA kwa uzi wa kijani, kazi ya mikono ya mama yangu. Sasa ama Gervasi amehamia kwako, na hapo mimi kama mume nina swali, ama taa ni zako.

Baba sitamwambia. Nakuahidi hilo kabla ya yote.

Kushukuru si kosa, Bibi. Ila wale wanaijua adabu yetu na wanaivua kama sisi tunavyovua dagaa, kwa kumulika. Neno rafiki mpendwa wanamwandikia kila mtu. Safari nyingine ukipata mzigo, ufungue, uuwashe, uuache uwake, uulowanishe kama walisema haulowani, na mbalamwezi isikuzuie. Ndipo ushukuru.

Mlango wa kwanza umefungwa, lakini upo wa pili. Kampuni ya simu iliyokupa ile kadi inapokea malalamiko ya mnunuzi aliyeletewa kitu kisichofanana na tangazo, na muda wao ni mrefu kuliko wa muuzaji. Kwako unakwisha katikati ya Desemba. Wanataka ushahidi. Mwambie Happiness apige picha za lile tangazo leo hii, kabla muuzaji hajabadilisha maneno. Atunze na jumbe zote, hata zile tamu. Na mnirekodie video moja, isiyokatwa, inayoonyesha taa ikiwashwa ziwani na ikizima.

Giza limeshaingia. Fanyeni sasa.

Mumeo mwenye wivu,
Elikana


Kibirizi
9 Novemba 2024

Mume wangu,

Hatujambo. Mtoto wa Diana ana jino la tatu.

Gervasi anasema asante, na anasema darizi za mama yako siku zote zilikuwa kubwa kupita kiasi.

Habari ya video. Ya kwanza alirekodi Martini, nahodha wangu. Taa ilipozima akamtaja muuzaji, akamtaja mama yake muuzaji, akaendelea mpaka kwa wajomba. Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kupeleka kitu kile ofisini kwa watu.

Nikasema nitaenda mwenyewe. Sikuwahi kuingia ziwani tangu babu yako atutoke. Martini na Yona, mmoja wa vijana wa mashua, walinibeba kama dumu la mawese wakaniweka mbele ya mashua. Taa ikawashwa, simu ikawashwa, nami nikaanza. Siwezi kumsemesha mtu bila kumwamkia, Elikana, hata kama ni tapeli. Nikamwambia mwakeye, nikamwuliza habari za kwake, za wazazi, za kazi, nikampa pole ya umbali, nikajitambulisha mimi ni nani na mume wangu alikuwa nani. Nilipofika kwenye taa, simu ikaandika kwamba imejaa. Taa ikazima baadaye, kwa raha zake.

Ya tatu nilikaa nimejifunga kitenge mdomoni. Hiyo ndiyo nzuri. Taa inawaka, inafifia, inazima, unasikia maji tu na Yona anapiga chafya. Nimekutumia memori kadi, iko ndani ya pakiti ya chumvi, usiimwage kwenye mboga.

Nikuambie na hili. Nilipokaa pale gizani nililia kidogo. Si kwa ajili ya taa. Niliona mashua za wenzetu zimewaka kote, ziwa zima linaonekana kama mji, na yetu peke yake nyeusi. Nilimwonea huruma babu yako.

Veneranda


Dodoma
17 Novemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Memori kadi imefika, chumvi pia.

Video ya tatu ni safi kabisa. Ya kwanza nimeifuta kwa heshima ya Martini. Ya pili nimewaonyesha wenzangu hapa kazini, na mmoja ameuliza kama una mjukuu mwingine wa kuoa.

Malalamiko nimeyaandika, yapo kwenye bahasha hii pamoja na memori kadi. Ongeza zile picha za tangazo na jumbe, kisha uende na Happiness kwenye ofisi ya kampuni ya simu pale mjini. Dai uandikiwe kwamba wamepokea, na uondoke na namba ya malalamiko. Muuzaji ataulizwa na atapata taabu. Akikuandikia chochote, usimjibu kabla hujaniuliza.

Nakuwaza, Bibi. Nami nimelia kidogo, kwa hiyo tuko sawa.

Elikana


Kibirizi
27 Novemba 2024

Mume wangu,

Habari za afya baadaye. Mguu upo.

Malalamiko yalipokelewa na namba ninayo. Juzi muuzaji ameniandikia. Rafiki mpendwa, tumesikitika sana, tumekutengea taa mpya, bora kuliko zile, bure. Unachotakiwa ni kufuta malalamiko yako kwanza, nasi siku hiyohiyo tunatuma.

Giza limeanza. Jana Martini alikuja, akakaa, akanywa chai, akasifu chai. Martini hasifu chai. Nikajua. Akasema vijana wanaulizwa na watu wengine kama wana nafasi. Amenipa mpaka Jumamosi niseme kama nina taa au sina.

Nikifuta, naweza kuwaambia taa ziko njiani, na nitakuwa nasema kweli. Nisipofuta, sina cha kuwaambia. Nisaidie. Nimempa barua hii mtu wa treni, kondakta sasa simwamini.

Veneranda


Dodoma
4 Desemba 2024

Bibi,

Usifute. Nakuomba, usifute. Ukishayaondoa malalamiko, mara nyingi huwezi kuyarudisha, na mtu aliyetuma taa mbovu akiwa hajalipwa hatatuma nzima akiwa ameshalipwa. Ndiyo maana anataka ufute kwanza.

Barua yako nimeipata leo, na Jumamosi yako imeshapita. Nilipiga simu palepale. Uliniambia unaendelea vizuri, tumshukuru Mungu, ukakata. Nilisikia watu wengi nyuma yako, nikaelewa. Kwa hiyo sijui umeamua nini na nimekaa kazini kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Kuna jambo jingine ambalo sikutaka kuliandika. Tangu Julai Baba amekuwa akiniomba nikushawishi uuze mashua. Sikukushawishi, lakini pia sikumkatalia. Nilikuwa nazungusha maneno. Sasa habari za taa zimemfikia Tabora, si kutoka kwangu. Shule zikifunga anakuja huko, na amempata mnunuzi. Ningependa uyasikie kwangu kabla hujamwona mlangoni.

Anakupenda, Bibi. Ana hofu tu.

Elikana


Kibirizi
5 Januari 2025

Mume wangu,

Heri ya mwaka mpya. Sisi wote wazima. Diana ameacha kunihesabia meno.

Sikufuta. Barua yako ilifika nimeshaamua, na sitakudanganya kwamba niliwaza sheria. Nilizisoma jumbe zote za yule mtu, za mwanzo hadi mwisho. Nimemwamkia mara ngapi tangu Septemba, na hajaitikia hata mara moja. Mtu asiyeweza kuitikia salamu ataweza kutuma taa?

Jumamosi nikawaita vijana, nikawaambia yote: nilitapeliwa, nilibonyeza, nilificha, sina taa, ninasubiri majibu ya malalamiko. Nikawaambia anayetaka kuhama ahame leo, nitampa samaki wa njiani. Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, maana yake Kibirizi yote ilisikia. Simu yako iliingia siku chache baadaye, wakati watu bado wanakuja kunipa pole.

Martini akasema tutoe karabai za mzee stoo. Tukazitoa, zikapigwa pampu, zikawaka kwa kunung'unika. Walipata dagaa kidogo sana giza lile, lakini hakuna aliyehama.

Jumapili Gervasi akaja. Akazunguka sana na habari za mvua, mwisho akauliza, hivi hizo taa zako zilikuwa na kishikio cha njano? Elikana, ana zilezile. Muuzaji yuleyule. Tangu Oktoba anarudi mapema na kusingizia injini. Kila nilichokuandikia juu yake kilikuwa kweli, nami sikujua. Nikamwuliza kama alibonyeza nimeridhika, akatazama viatu vyake. Nikampeleka mwenyewe ofisini na nikamfundisha kudai namba. Usiniulize kama nilifurahi. Nilifurahi sana.

Kabla ya Krismasi pesa yangu ikarudi kwenye kadi, ila ya usafirishaji walikataa. Nikaenda Mwanga na Martini kununua taa dukani, kwa mtu mwenye mlango. Nilimwambia aweke taa ndani ya ndoo ya maji, aiwashe, nami nikavuta kiti. Nilikaa mpaka anafunga duka. Nikachukua risiti na dhamana ya maandishi yenye muhuri. Alinisindikiza akisema karibu tena mama, nikamjibu kwamba asante, nitamletea habari za taa zake giza likiisha.

Baba yako alifika na mnunuzi wake, mtu mpole mwenye suruali nyeupe. Tulikula Krismasi bila kulitaja. Siku ya kwanza ya kutoka kuvua, Yona alikuwa amekwenda kwao Kagunga kwa sikukuu, na mashua ilipungukiwa mtu. Nikamwambia baba yako, Nehemia mwanangu, unataka kuuza kitu, kitazame kwanza kikifanya kazi. Alikasirika. Alisema yeye ni mwalimu mkuu. Nikamwambia basi ataweza kushika kamba. Akapanda na viatu vyake vya shule.

Sikulala. Nilikuwa na hofu juu ya taa, na juu yake zaidi, kwa kuwa hajui kuogelea kama anavyodhani. Alfajiri nilikuwa nimesimama mchangani, na yule mnunuzi amesimama pembeni yangu, ameshatoa kalamu. Mashua ikaingia imekaa chini majini kwa uzito, taa zote bado zinawaka na jua linatoka. Baba yako akateremka amelowa mpaka kifuani, magamba kwenye ndevu. Alimpita mnunuzi wake bila kumwona, akaja akanishika mikono yote miwili, akaniuliza giza lijalo linaanza lini.

Nimemwambia.

Mke wako,
Veneranda